Bahari au Kalenga: Tulivyochagua Likizo Yetu

Katika nyumba nyingi za watumishi wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, neno likizo lina maana moja tu: kwenda kijijini kusaidia kuvuna mahindi, kuhudhuria vikao vya ukoo na kurudi mjini na gunia la maharage. Baba hupumzika kidogo kwa sababu anapokelewa kama mgeni. Mama huhamisha jiko lake kutoka mjini na kulipeleka kijijini, tena jiko la kuni, na siku ya kurudi kazini huwa amechoka kuliko alivyoondoka. Ndiyo maana tunapenda kuzungumza nanyi, akina mama wenzetu, juu ya likizo moja tuliyoipanga kwa namna nyingine, na juu ya uchaguzi uliotusumbua kwa muda wa miezi mitano.

Sisi ni mume na mke, wakazi wa Mbeya. Mmoja wetu ni muuguzi, mwingine ni mwalimu wa sekondari. Mungu ametujalia watoto watatu, na tunaishi na Bibi, mama mzazi wa mwalimu, mwenye umri wa miaka 80. Katika miaka 22 ya ndoa hatukuwahi kusafiri sote pamoja kwa ajili ya kupumzika. Safari zetu zilikuwa za misiba, za harusi na za kupeleka watoto shule. Mwezi Desemba kikoba kilipovunjwa, tukatoa ada na mbolea, tukaona imebaki fedha ya safari moja. Safari moja tu, na hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Kila mmoja na hamu yake

Mmoja wetu, yule muuguzi, alitaka Unguja. Tangu alipokuwa chuoni alisoma na binti wa Kizanzibari aliyekuwa akisimulia bahari kila usiku taa zilipozimwa. Mtu aliyekulia kwenye baridi ya Mbeya, akiamka na sweta mwezi wa sita, anaposikia habari za maji ya bahari yenye uvuguvugu huona kama anasimuliwa nchi nyingine. Hamu ile alikaa nayo miaka yote, akaifunika kwa zamu za usiku na nepi za watoto, lakini haikufa.

Mwingine, yule mwalimu, alitaka Iringa, na hasa Kalenga, mji aliokuwa na makao yake Mtwa Mkwawa. Yeye hufundisha historia. Alisema ameimba mbele ya ubao habari za Kalenga kwa miaka mingi, na watoto wake mwenyewe wamepita Iringa mara kadhaa wakiwa ndani ya basi bila kushuka. Kifungua mimba wetu amemaliza kidato cha sita na anatamani kusomea ualimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Mkwawa, pale pale Iringa. Baba yake akasema, "Haifai mtoto asome kwenye chuo chenye jina ambalo hajui mwenyewe alikufaje."

Msidhani kwamba upande mmoja ulikuwa wa starehe na upande mwingine wa elimu. Unguja nako kuna majumba ya wafalme. Beit el Ajaib, jumba la maajabu, lilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, na hata baada ya sehemu yake kuporomoka tarehe 25 Desemba 2020 bado ni alama ya mji. Mji Mkongwe wote uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000. Pale Mkunazini kuna kanisa kuu la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Muuguzi aliyasema hayo yote, akaongeza kwamba wengi waliouzwa pale walitembezwa kwa miguu kutoka bara, kwa hiyo historia ile nayo ni yetu. Mwalimu hakuwa na la kujibu. Tukawa tumelingana.

Daftari la jikoni

Tulichukua daftari tunaloandikia matumizi ya jikoni, tukalipiga mstari katikati. Upande mmoja tukaandika Unguja, upande wa pili Kalenga.

Kwanza tuliandika njia. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 800 kwa basi, kisha boti iendayo kasi hutumia kama saa mbili. Kwenda na kurudi ni siku nne kabla hujakanyaga mchanga. Iringa iko kwenye barabara hiyo hiyo, lakini si nusu ya njia ya kwenda Dar es Salaam; unaondoka alfajiri na mchana umefika. Pili tuliandika nauli ya watu sita na malazi. Tatu tuliandika afya. Bibi ana shinikizo la damu na miguu yake huvimba akikaa muda mrefu. Tulipojumlisha tukaona kwamba tukienda Unguja fedha inatosha watu watano, na wa sita angebaki nyumbani na msichana wa kazi. Bibi alikuwa anachambua mchele pembeni. Alisema, "Nendeni wanangu, mimi nitalinda kuku."

Kwa kuwa kila mtu wa nyumba alikuwa amesema anakotaka kwenda, hata kitinda mimba aliyetaka kwenda kuona tembo, tulimwuliza na Bibi. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Kama ni mimi, ningependa kuona Kalenga kabla sijafa." Tulishangaa. Bibi ni Mhehe, amezaliwa karibu na Ifunda, na kutoka Ifunda hadi Kalenga si mbali. Lakini katika maisha yake hakuwahi kufika. Watu wa rika lake walisafiri kwa sababu ya kazi, ndoa au ugonjwa. Kusafiri kwenda kutazama tu hakukuwa katika mipango yao.

Basi ungedhani neno la Bibi lilimaliza kila kitu. Halikumaliza. Sisi akina mama tumezoea kuweka hamu zetu nyuma ya watu wengine, na tukishaziweka, hakuna anayekumbuka kuzirudisha mbele. Muuguzi alilisema hilo waziwazi, bila hasira, siku moja jioni baada ya sala. Alisema yuko tayari kwenda Kalenga kwa moyo mweupe, ila hataki bahari yake ihesabiwe kuwa imelipwa. Mwalimu alichukua daftari, akaandika kwa mkono wake chini ya mstari: "Safari ya Kalenga si badala ya safari ya bahari." Kisha akaweka tarehe na sahihi. Watoto walicheka sana, lakini karatasi ile ipo hadi leo.

Tulikubaliana jambo la pili. Iringa tuna ndugu wengi, na kwa desturi zetu ni aibu kupita nyumba ya ndugu ukalale kwa wageni. Lakini tukifikia kwa ndugu, muuguzi angefunga kanga kiunoni saa kumi na moja alfajiri na kuingia jikoni na mawifi zake, siku zote nne. Mwalimu mwenyewe aliwapigia simu ndugu zake, akaeleza kwamba tutawasalimu wote, tutakula nao chakula siku moja, ila tutalala nyumba ya wageni kwa sababu mke wake anatakiwa kupumzika. Alilisema mwanamume, tena mtoto wa nyumba ile, kwa hiyo halikuleta maneno. Hapo tulijifunza kwamba lipo jambo ambalo mke akilisema linaitwa kiburi, na mume akilisema linaitwa utaratibu.

Safari yenyewe

Tuliondoka mwezi wa sita shule zilipofungwa. Kwa kuwa tulikuwa na mzee, tulifanya maandalizi kama ya wodini. Dawa za Bibi tuliziweka kwenye mkoba wa mkononi, wala si kwenye begi linalokaa chini ya basi. Tulimwona daktari wiki moja kabla. Kila basi liliposimama tulimshusha Bibi akatembea kidogo, kwa sababu kukaa saa nyingi bila kunyoosha miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa. Alikunywa maji kidogo kidogo. Wazee wengi hukataa maji safarini kwa kuogopa kusumbua watu wakihitaji kujisaidia. Tulimwambia kondakta mapema, naye alituelewa.

Tulishuka bonde la Usangu, Igurusi na Chimala, kwenye mashamba ya mpunga. Mwalimu aliwaeleza watoto kwamba Wasangu wa Merere na Wahehe walipigana vita vingi huku, na uadui huo uliwafaa Wajerumani walipokuja. Makambako tulinunua viazi vya kuchemsha. Mafinga tulipita msitu wa misonobari wa Sao Hill, kitinda mimba akahesabu miti hadi akalala. Tulipofika Iringa Bibi aliteremka akasalimiana na muuza ndizi kwa Kihehe, "Kamwene," na sauti yake ilibadilika. Ilikuwa sauti ya msichana.

Siku ya pili tulikodi gari dogo tukaenda Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini, karibu na mto Ruaha Mdogo. Yeyote anayetegemea kuona jumba la mfalme lenye minara atavunjika moyo. Kuna makumbusho madogo, makaburi ya ukoo wa Mkwawa, na mabaki ya ukuta uliozunguka mji. Jina la Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Ukuta ule ndio uliokuwa ngome.

Mwongozaji alitueleza vizuri. Tarehe 17 Agosti 1891, kule Lugalo, mashujaa wa Mkwawa walikivizia kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, wakamwua yeye na sehemu kubwa ya askari wake. Sisi wauguzi tunaijua Lugalo kama hospitali ya jeshi iliyoko Dar es Salaam. Jina hilo limetoka kwenye vita ile. Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1894, Wajerumani walirudi na mizinga wakaivunja Kalenga. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya msituni kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa Mlambalasi, alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Mwili wake ulizikwa kule Mlambalasi. Kichwa kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo. Haikufanyika wakati ule. Ni mwaka 1954 ambapo Gavana Edward Twining alilichukua kutoka makumbusho ya Bremen na kulikabidhi Kalenga kwa mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Fuvu lilitambuliwa kwa kupimwa na kulinganishwa na vichwa vya watu wa ukoo, na wapo wanahistoria wenye mashaka kama ndilo lenyewe. Liko pale ndani ya kabati la kioo.

Alichosema Bibi

Kitinda mimba aliuliza swali ambalo sisi wakubwa tulikuwa nalo moyoni: "Mbona hawamziki?" Mwongozaji alijibu kwamba wengi huuliza hivyo. Muuguzi alifikiri juu ya kazi yake. Mtu akifa wodini, sisi ndio tunaofumba macho yake, tunaomnyoosha, tunaoandika jina na kulifunga mwilini ili asichanganywe na mwingine. Ndugu hata akiwa na hasira na hospitali, akipokea mwili wa mtu wake akauona uso, hutulia. Asiyeuona hubaki akingoja. Tumewaona waliongoja miaka. Hata Yusufu katika Biblia aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake Misri.

Bibi alikuwa amesimama mbele ya kioo muda mrefu, ameshika mkono wa mjukuu wake. Kisha akaanza kusema, akiwa bado ametazama mbele. Mwaka ule wa 1954 alikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Watu wa kijijini kwao walikwenda Kalenga kwa miguu kumpokea Mtwa. Yeye aliachwa nyumbani kubeba mdogo wake mgongoni. Baba yake alikwenda, na aliporudi alimwambia, "Mtwa amerudi nyumbani." Mwaka uliofuata baba yake alichukuliwa manamba, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Ilikuja barua moja. Haikuja nyingine, wala yeye hakurudi.

"Nilitaka kuona alichokiona baba," alisema Bibi. "Huyu alikaa ugenini miaka 56, wakamrudisha. Baba yangu hata alipolala hatupajui."

Mwalimu, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa hajawahi kusikia habari ile. Alijua tu kwamba babu yake "alifia mbali". Tulitoka nje tukakaa kwenye kivuli. Kifungua mimba alitoa karatasi, akamwuliza Bibi jina kamili la baba yake, jina la baba wa baba yake, na jina la shamba la mkonge kama analikumbuka. Bibi alikumbuka mawili ya kwanza. La tatu hakulijua. Akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, akauliza kama kuna mahali tunaweza kupata chai.

Siku ya tatu tulikwenda Isimila, kwenye nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale, na watoto walikimbia wakarukaruka mpaka wakachoka. Muuguzi alilala hadi saa mbili asubuhi siku zote nne. Hakupika hata chai. Ndugu wa Ifunda walituandalia chakula siku moja kama tulivyoahidiana, na mwalimu alisimama mbele yao akasoma yale majina mawili. Mzee mmoja aliongeza jina la rafiki aliyeondoka pamoja na baba yake Bibi. Wamekubali tuweke jiwe lenye jina lake kando ya kaburi la mkewe, hapo Ifunda, hata kama mwili haupo.

Tuliporudi tulielewa zaidi habari tunazosikia kutoka Songea, ambako ukoo wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, bado unakitafuta kichwa chake. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba 2023 akaomba msamaha. Zamani tungesikiliza taarifa kama hiyo huku tukimenya viazi. Sasa Bibi hutuambia tunyamaze ili asikie.

Kwa mama unayepanga likizo

Hatusemi kwamba kila nyumba iende Kalenga. Ipo nyumba ambayo mama amelemewa kiasi kwamba siku nne kando ya bahari, bila mtu kumwita, ndiyo tiba yake, na mume mwenye hekima atamsaidia kuzipata. Tunachoweza kukuambia ni yale yaliyotusaidia. Andikeni pande zote mbili kwenye karatasi, kwa sababu maneno ya mdomoni hushindwa na mwenye sauti kubwa. Hesabuni siku za njiani kando na siku za kukaa. Ulizaneni nani atabaki nyumbani na kwa nini. Kubalianeni kabla ya kuondoka nani atapika, maana likizo isiyojibu swali hilo imemwacha mama kazini. Na yule ambaye hamu yake imengoja, andikieni kwamba inangoja, pamoja na tarehe.

Mwulizeni na mzee wa nyumba. Wodini tunawapokea wazee wengi ambao safari yao ndefu ya mwisho ni ile ya kuja hospitali. Wengi wao wangeweza kusafiri mwaka mmoja au miwili kabla, kama safari ingekuwa fupi na dawa zipo mkobani. Bahari itakuwepo mwaka kesho. Bibi wa miaka 80 hatuwezi kumwekea ahadi hiyo.

Kuhusu bahari, tumefungua hisa nyingine kwenye kikoba, na mwalimu ndiye anayeichangia kila Jumamosi. Tukijaliwa, mwaka kesho mwezi wa sita tutapanda boti. Bibi amesema safari hiyo kweli atabaki na kuku, ila ameagiza aletewe maji ya bahari kwenye chupa, aonje kama kweli yana chumvi.